Osiloskopu ya Mtani

Mama alishuka kwenye treni amekumbatia inveta iliyofungwa kwa kitenge, kama mtu anayewahi kliniki na mtoto mwenye homa. Kabla hatujamwamkia, alimkabidhi dada yangu ule mzigo pale pale stesheni ya Tabora, abiria wakitupita na magunia na madumu ya asali.

"Mgonjwa wako karudi," alimwambia. "Na wenzangu wamesema waziwazi. Akizimia tena, anapelekwa Mwanza kwa mafundi wa maana."

"Shikamoo mama," dada akasema.

"Marahaba. Mbona umekonda? Hamli?"

Ile inveta ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama kijijini kwetu, karibu na Tura. Inachukua umeme wa betri za sola na kuugeuza uwe wa kuendesha mashine ya kutotolea vifaranga. Dada yangu alikuwa ameshaitengeneza mara mbili. Mara zote mbili ilirudi Tura ikiwa nzima, ikafanya kazi siku kadhaa, halafu ikazimika mayai yakiwa katikati ya kuatamiwa, na trei zote zikapoa. Aliyewashawishi wale akina mama wampe kazi binti yake alikuwa mama, kwa hiyo kila yai lililopoa lilikuja kuozea mlangoni kwake. Sasa walikuwa wameanza kukusanya mayai mengine, na yai la kutotolesha halingoji. Likikaa sana linabaki kuwa la kukaanga. Mama alikuwa na siku chache tu kabla ya treni ya kurudi. Ama arudi na inveta iliyopona, ama mwenyekiti wa kikundi aipeleke Mwanza, na dada yangu abaki kuwa fundi wa chaja za simu.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika riwaya. Dada alinipa kona ya banda lake la ufundi pale Gongoni, tukagawana meza: upande wake bisibisi, risasi ya kuunganishia na mifupa ya redio, upande wangu kompyuta na kikombe cha chai iliyopoa. Ningependa kusema kwamba upande wangu ndio uliokuwa na kazi ngumu zaidi, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniletea sentensi iliyoungua na kuniambia anaitaka kabla ya treni.

Siku ile ile dada aliifungua inveta na kuigusa kila mahali kwa mita yake, ile ya kawaida inayosoma umeme kwa tarakimu. Mama alivuta kigoda akakaa karibu kabisa, karibu kuliko fundi yeyote anavyopenda.

"Inasemaje?"

"Inasema mzima."

"Na mbona anazimia?"

"Ndiyo shida ya mita, mama. Mita ni kama mgeni anayepiga hodi. Akikaribishwa na kukuta watu wanacheka, anaondoka anasema nyumba ile ina amani. Wakianza kurushiana sahani nyuma yake, hajui."

Mama alifikiri kidogo. "Basi tafuta mgeni wa kulala."

Mgeni wa kulala alikuwepo, na jina lake ni osiloskopu: kifaa chenye kioo kinachouchora umeme jinsi unavyokwenda, mstari ukipanda na kushuka, ili ukijikwaa uone ulipojikwaa. Dada alikuwa ameitumia chuoni, na tangu atoke huko alikuwa akiitaja kama watu wengine wanavyotaja mji waliowahi kuishi wakiwa wachumba. Hakuwahi kuwa na yake. Jioni hiyo tuliinamia simu, vichwa vikigongana, tukaanza kuchagua.

Mpya zenye majina makubwa zilikuwa nzuri mno, na mfuko wetu ulizipigia saluti kwa mbali. Za bei ya chini zilizoagizwa nje zingefika vifaranga wa watu wengine wameshakuwa majogoo. Zilikuwapo hata za kuchomeka kwenye kompyuta, lakini kompyuta ilikuwa yangu na riwaya ilikuwa ndani yake. Tulikubaliana haraka kutoijaribu hiyo. Huko mtandaoni watu walikuwa wakigombana kuhusu megahezi, kipimo cha kasi ambayo kifaa kinaweza kuifuata, kwa hasira ya mashabiki wa mpira. Mmoja aliandika kuwa kifaa cha chini ya megahezi mia ni mwanasesere.

"Hawa wanataka kukimbizana na radi," dada alisema. "Umeme wa inveta ya mama unatembea kwa miguu. Mimi nataka kifaa salama, chenye waya mzuri wa kupimia, na ambacho tunakiweza."

Ilikuwa hoja nzuri. Ilipungukiwa na jambo moja, ila hilo tulikuja kulijua baadaye.

Asubuhi tulikwenda kwenye duka la vifaa vya umeme vya mtumba, karibu na stesheni. Mwenye duka ni Mzaramo aliyekuja Tabora akiwa kijana, akaoa hapa, akaanza kuota mvi hapa, na hajakubali hata siku moja kwamba amehamia. Ukimuuliza anasema anasubiri treni. Mizigo yake hutoka Kariakoo. Yeye Mzaramo na sisi Wanyamwezi, kwa hiyo ni watani, utani wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo ya pembe za ndovu kichwani kutoka huku bara hadi pwani na kuwakuta babu zake wameketi. Kwa mtani hakuna salamu. Kuna mashambulizi.

"Wapagazi hao!" alipaza sauti kabla hatujavuka kizingiti. "Tueni mizigo, mpumzike. Pwani bado mbali."

"Pumzikeni nyie," dada akamjibu, "mliokaa mkingoja vya kuletewa tangu enzi za babu yako."

"Na vinaletwa! Sasa mjinga nani?"

Wateja waliokuwamo dukani walicheka. Dada akamweleza anachotaka na kazi yenyewe, na mtani akatuwekea mezani osiloskopu mbili ambazo bei zake zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya zamani, imetoka kwenye maabara fulani iliyofungwa Dar es Salaam, uzito wake kama ndoo ya maji iliyojaa, uso umejaa vitufe vya kuzungusha. Ya pili ilikuwa ndogo, kama simu nene, inatumia betri, imevalishwa mpira wa rangi ya chungwa kama kitu cha kuchezea watoto bafuni.

Aliiwasha ile kubwa. Kioo kilikaa kimya kwa muda, kikijikumbusha kazi yake, kisha mstari wa kijani ukajitokeza kutoka gizani, mwembamba, ukitetemeka kidogo kama uzi wa buibui wenye umande. Nilishika mdomo. Dada alianza kuzungusha vitufe bila kuviangalia; vidole vyake vilikuwa vimerudi chuoni. Ndiyo aina aliyofundishiwa, na hakuwahi kushika nyingine.

"Hilo jiwe msichukue," mtani akasema. "Chukueni haka kadogo."

"Kwa nini?"

"Hilo halina kumbukumbu. Linaona lakini halikumbuki. Kama Mnyamwezi aliyeshiba kwangu."

Tulicheka. Duka zima lilicheka.

"Nasema kweli."

"Mtani gani anasema kweli?" dada akamuuliza, na safari hii hata mtani mwenyewe alicheka, kwa sababu lilikuwa pigo zuri.

Alijaribu tena. Alishusha sauti, akamsogelea dada. "Mwanangu, si umesema ugonjwa wa inveta unakuja na kuondoka? Basi haka kadogo ndiko."

Hapo ndipo tulipozidi kumshuku. Asiyelelewa kwenye utani anaweza kutuona wapumbavu, lakini sheria zake tunazijua tangu tukiwa wadogo. Mtani ana haki ya kubeba kitu chako na kuondoka nacho, nawe huna haki ya kununa. Akikitamani kitu, kwanza anakiponda mpaka mwenyewe ukione takataka. Nyumbani tuliambiwa kwamba mtani akikuambia paa lako linaungua, chungulia kwanza. Kwa hiyo kila alivyoliponda lile jiwe, lilizidi kung'aa machoni mwetu. Nilimnong'oneza dada kwamba bila shaka kuna mteja mwingine anamwekea. Dada akanijibu kwa mnong'ono kwamba ameshaliona hilo.

Mtani aliinua mikono juu. "Chukueni. Mtalirudisha. Na siku mtakapolirudisha, mtalirudisha kipagazi."

"Kipagazi ndiyo vipi?"

"Mtajua."

Tulilipandisha kwenye bajaji kwa ushindi, mimi nimelipakata.

Mama alilizunguka mara mbili pale bandani. "Si ndicho hiki kinachopima moyo pale hospitali ya Kitete?"

"Ndugu yake," dada akasema. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwake kwa muda mrefu. Aliunganisha balbu kubwa kwenye inveta, ili ifanye kazi ya taa ya joto ya mashine ya vifaranga, akaweka waya wa kupimia upande wa umeme mdogo, ule unaolisha ubongo wa inveta. Mstari wa kijani ukatulia. Akawasha balbu.

Mstari uliruka. Au ulishuka. Ulifanya kitu, na kabla hatujapepesa macho ulikuwa umetulia tena kama mtoto aliyevunja glasi.

"Mmeona?" dada akauliza.

"Nini?" nikasema.

"Kuna kitu kimepita."

"Mimi nimekiona," mama akasema, akanyoosha kidole ukutani. "Kimekwenda kule."

Tulirudia. Tuligawana kazi: mama azime na kuwasha, dada akodoe macho, mimi nirekodi kioo kwa simu. Mama aliipenda sana kazi yake na aliifanya kwa kasi kuliko ilivyohitajika. Tulipoitazama video, tuliona ukungu wa kijani na sehemu ya kidole changu. Tukarudia tena. Ukungu ule ule. Kitu kilikuwa kinapita mbele yetu, mchana kweupe, na osiloskopu ilikuwa inakiona sawasawa na kukisahau papo hapo.

Simu ya mama ikalia. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Mama alitoka nje kuzungumza naye, na kupitia mabati tulisikia akisema, "Wanaendelea vizuri. Wameleta mashine kubwa. Kubwa, mama, kubwa kabisa." Aliporudi aliketi, akakunja mikono mapajani.

"Mayai yameshatosha," alisema. "Nimewaambia mashine ni kubwa. Sikuwaambia kama inafanya kazi."

Dada alilitazama lile jiwe, akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, "Halina kumbukumbu."

"Nini?"

"Alikuwa anasema kweli."

"Nani?"

"Mtani."

Mama alishtuka kama aliyeambiwa padri amekutwa kilabuni. "Mtani kasema kweli? Dukani kwake? Mbele ya watu?"

"Akarudia na kurudia."

"Na nyie?"

"Tulicheka."

Mama akafikiri, akatingisha kichwa. "Hata mimi ningecheka."

Tulimpigia. Hakutaka maelezo wala hakutucheka. Alisema neno moja tu, "Kipagazi," kisha akafafanua masharti: jiwe litoke Gongoni hadi dukani kwake kichwani, kwa miguu, bila bajaji, na kwa wimbo. Akilikuta zima, tutabadilishana.

Nilidhani dada atakataa. Mama ndiye aliyeinuka kwanza. Alivua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakisokota kuwa ngata, akaniwekea kichwani kabla sijapata la kusema.

"Mimi ni mwandishi, mama," nikasema.

"Shingo si unayo?"

Dada alishika fimbo ya ufagio akatangulia kama kirangozi, yule aliyekuwa akiongoza msafara. Mimi nikafuata na jiwe kichwani, na mama nyuma yangu akaanzisha wimbo wa kulimia wa Kinyamwezi, sauti yake ikiwa juu kuliko kawaida yake kanisani. Watu walitoka madukani. Kijana wa bodaboda aliuliza kama televisheni ya babu inapelekwa hospitali. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza karanga aliuliza kulikoni, mama akamjibu kwa Kinyamwezi, na bibi akaacha karanga zake akatusindikiza hadi kona, akipokea kiitikio.

Mwanzoni niliona haya. Halafu shingo ikapata namna yake ya kunyooka, miguu ikashika mwendo wa wimbo, na nikagundua kuwa mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kutazama chini. Anatazama mbele tu, na mji unamjia mzima. Kuna watu wa damu yangu walioingia na kutoka mji huu hivyo, miezi mingi, wakiiendea bahari ambayo hawakuwa wameiona. Nimesoma kuhusu wao kwa miaka, nikitafuta namna ya kuwaandika. Sikuwahi kudhani kwamba walikuwa wakicheka. Lakini ukiwa na wimbo nyuma yako na dada mwenye ufagio mbele yako, usicheke kwa nini?

Mtani alikuwa ametoa kiti nje, na amewaita majirani zake.

"Mmechelewa!" alifoka. "Pembe ziko wapi?"

"Zinaota kichwani kwako," mama akamjibu, na ile barabara ya stesheni ililipuka kwa vicheko. Mtani mwenyewe alishika tumbo. Alinitua lile jiwe kwa mikono yake, taratibu, akaliwasha kulihakikisha, akatukabidhi kile kifaa cha rangi ya chungwa pamoja na waya zake. Kisha akainama, akaokota ngata ya mama, akaikunjua, akajitanda begani.

"Kitenge changu!" mama akalia.

"Kilikuwa chako. Mimi kusema kweli mbele ya watani kumeniaibisha. Hii ndiyo dawa."

Mama alimtukana ukoo mzima, kwa furaha, na hakudai kitenge. Alijua sheria.

Mchana huo dada aliitega osiloskopu ndogo kama mtu anayetega panya. Aliiambia kwa vitufe vyake: umeme huu ukishuka chini ya hapa, shika, usiachie mpaka nikuambie. Akawasha balbu. Kioo hakikusema kitu. Mama akazima na kuwasha, tena na tena, na safari hii hakuna kilichopita. Inveta ilikuwa imepoa kwa safari yetu, na ugonjwa wake, kama magonjwa mengi, ulijificha daktari alipofika. Dada aliamua tuiache ipate joto. Tulikula ugali na mlenda pale pale mezani, upande wangu. Mama alikuwa akitazama kioo kuliko sahani.

Balbu ilizimika tukiwa tunanawa.

Dada alipangusa mikono, akainama, nasi tukainama. Pale kiooni, mstari ulikuwa umesimama, umenaswa: unakuja tambarare, unatumbukia kwenye shimo lenye kingo kali, unapanda, unaendelea tambarare. Haukuwa ukienda popote. Ungeweza kuutazama hadi uchoke.

"Hilo shimo," dada akasema, akiligusa kwa ncha ya ukucha. "Taa ya joto ikiwaka, ubongo wa inveta unakosa chakula kwa kufumba na kufumbua. Unapoteza fahamu. Mimi nilikuwa nabadilisha misuli, zile transista kubwa, kumbe ni njaa."

Aliifuata ile njia ya umeme hadi kwenye kapasita moja ndogo, isiyozidi punje ya haragwe, ambayo kazi yake ni kuweka akiba ya kuvukia nyakati kama hizo. Ilikuwa imekauka. Kwa nje ilionekana nzima kabisa. Aliing'oa, akampa mama, akaunganisha nyingine. Tuliiwasha inveta ikapata joto, ikakaa ikiwaka hadi usiku, na pale palipokuwa na shimo kiooni pakabaki kibonyeo kidogo kama alama ya kidole kwenye ugali.

Mama aliigeuzageuza ile kapasita kiganjani. "Haka ndiko kaliua mayai yangu?"

"Ndiko."

"Na kamenyamaza hivi hivi!"

Aliomba nilipige picha lile shimo kabla halijafutwa, nikaituma picha kwa mwenyekiti. Jibu halikuchelewa: akina mama walikuwa wameizunguka simu, wametazama, na walitaka kujua kama shimo limezibwa na ni nani aliyeliona. Mama alijibu swali la pili kwanza. Akapanda treni na inveta yake, bila kitenge, akitupungia mkono dirishani.

Wiki zilizofuata dada hakuuliza habari za Tura. Alifanya kazi zake, akajizoeza kukitumia kile kifaa kwenye kila redio iliyoingia, ila simu ikilia aliiangalia kwanza kabla ya kuigusa. Siku ilipolia kwa namba ya mwenyekiti, aliipokea amesimama.

"Mwangaluka, fundi," sauti ya mwenyekiti ikamsalimu kwa Kinyamwezi. "Subiri." Halafu zikafuata kelele nyingi nyembamba, zikigongana, kama mvua ndogo juu ya bati. Dada alinisogezea simu ili na mimi nisikie.

"Inveta haikuzimika?" aliuliza kelele zilipopungua.

"Hata kidogo. Mama yako ndiye asiyezimika, anamsimulia lile shimo kila anayepita. Sasa sikiliza. Jirani yangu ana pampu ya sola, inafanya kazi ikitaka, isipotaka inalala. Mafundi wawili wamesema ni nzima. Nikupandishie treni ya kesho?"

"Ipandishe," dada akasema, na akaanza kupangusa meza hata kabla hajakata simu.